Ukatili Hauanzi Siku Panga Linapoinuliwa

Kila inaposikika kwamba bibi kizee amekatwa mapanga usiku nyumbani kwake, maneno yanayofuata vijiweni, na hata katika baraza za misikiti yetu, ni yale yale: wauaji hao ni mashetani, hawana utu. Maneno hayo yanawapumzisha wasemaji, kwani yanawatenga wauaji na jamii iliyowalea. Sisi tunaona kinyume chake. Aliyeshika panga alilelewa na watu, akafundishwa na watu, na kabla ya usiku ule alilisikia jina la yule bibi likitajwa na watu ambao wengi wao hawatafikishwa mahakamani.

Wanazuoni wa elimu ya nafsi wanaoandika kwa Kiarabu huuita ukatili wa namna hii ‘udwan, neno ambalo asili yake ni kuvuka mpaka. Maana hiyo ina faida kubwa, kwani ghadhabu peke yake si ‘udwan. Imamu Ghazali, katika Ihya Ulumid-Din, ameeleza kuwa ghadhabu ni nguvu aliyoumbiwa mwanadamu ili ajilinde, na kwamba asiyekuwa nayo kabisa ana upungufu, sawa na aliyezidiwa nayo. Swali ni nini kinachoivusha mpaka wake. Yeye ametaja sababu nyingi, zikiwemo kiburi, mzaha na ubishi, lakini ameitilia mkazo moja ambayo hata hapa Mpanda si ngeni: watu kuipa ghadhabu jina zuri, wakaiita ushujaa na uanaume. Kijana anayetumwa kulipiza kisasi cha ukoo haambiwi kuwa anakwenda kuua. Anaambiwa kuwa sasa amekuwa mwanamume.

Tuyatazame mauaji ya vikongwe, ambayo kwa miaka mingi yameisumbua kanda ya magharibi, kuanzia Shinyanga na Tabora hadi Rukwa na Katavi. Mtoto anafariki kwa homa, au ng'ombe wanakufa mfululizo. Huzuni inatafuta pa kutua. Aliyeuawa na malaria hana muuaji wa kukasirikiwa, na moyo uliojeruhiwa huona taabu kukaa bila mtu wa kumkasirikia. Ndipo mfiwa anapokwenda kwa mpiga ramli, naye hutoa dalili zisizokosa mwenyewe: ni mwanamke, ni mzee, ni wa karibu, ana macho mekundu. Ni nani asiyejua kwamba bibi aliyepuliza moto wa kuni na samadi kwa miaka hamsini atakuwa na macho mekundu?

Mchumi mmoja wa Marekani, Edward Miguel, aliyachunguza mauaji haya katika wilaya ya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga na sasa imo Simiyu. Katika makala yake ya mwaka 2005 alionyesha kuwa miaka ya ukame mkali au mafuriko, idadi ya waliouawa kwa tuhuma za uchawi ilikuwa mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua walikuwa jamaa zao. Msomaji na azingatie hapo. Ikiwa uchawi ndio ungekuwa sababu, kwa nini wachawi waongezeke mvua inapoharibika? Kinachoongezeka ni njaa, na njaa inapoingia nyumbani, anayeonekana mzigo ni yule asiyeweza tena kulima.

Mkoa wetu una shinikizo lake. Katika sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa, tulikuwa watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu 1,152,958. Wamekuja wakulima, wafugaji na wachimbaji wa dhahabu, na ardhi haikuongezeka hata shubiri. Hatusemi haya kumnyooshea kidole mgeni, kwani wengi wetu tunaosali pamoja Mpanda mjini ni wageni au watoto wa wageni. Tunasema kwamba majirani wasiojuana hawana akiba ya kudhaniana wema. Ng'ombe akiingia shambani kwa mtu unayemjua, mtagombana na kupatana. Akiwa wa mtu usiyemjua, huitwa watu, na umati una sifa moja mbaya: kila mmoja ndani yake hujiona hakufanya yeye.

Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwezi Januari 2015, kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi. Amri ile ilikuwa ya haki. Lakini mpiga ramli ni mfanyabiashara, na soko lake ni msiba.

Watakuwepo watakaouliza: je, mnakanusha sihiri, na Qur'ani imeitaja? Hatukanushi. Lakini kujua kuwa wizi upo duniani hakumpi mtu ruhusa ya kumkata jirani mkono kwa sababu ya ndoto. Surat al-Hujurat imeamrisha kuhakikisha habari na imekataza dhana, na Mtume (s.a.w.) ametahadharisha kwamba anayemwendea mtabiri kumuuliza jambo haikubaliwi sala yake siku arubaini. Naye alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku ile ile, watu wakaanza kuvihusisha viwili hivyo. Hakungoja matanga yaishe. Akiwa katika huzuni yake aliwabainishia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo cha yeyote.

Basi msibani ndipo pa kuanzia. Maimamu wetu huhitimisha dua na kuondoka, na minong'ono huanza wao wakiwa wamekwishafika njiani. Yafaa imamu, kwa idhini ya wafiwa, aitaje sababu ya kifo hadharani kama ilivyosemwa hospitalini, kisha abaki. Akisikia mtu akisema “huyu hakufa hivi hivi”, amjibu pale pale kwa upole.

Lipo na jingine, ambalo baadhi ya walimu wenzetu hawatalipenda. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya Watanzania, wavulana kwa wasichana, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu wamo miongoni mwa waliotajwa. Mtoto huiga. Akiona kila siku kuwa mkubwa akikasirika hupiga, naye hungoja ukubwa. Wapo wanaotoa hoja ya hadithi ya sala na miaka kumi, wakasahau kuwa kabla ya miaka hiyo kumi ipo miaka mitatu ya kuamrisha kwa maneno, na kwamba mafakihi wameweka sharti kuwa pigo lisiumize wala lisiache alama. Hadithi hiyo haina uhusiano wowote na mtoto wa miaka sita aliyekosea herufi ya dhadi! Ibn Khaldun aliandika katika Muqaddima, zaidi ya miaka mia sita iliyopita, kwamba anayelelewa kwa ukali na kulazimishwa hupoteza uchangamfu wa nafsi yake, akajifunza uongo na hila. Na Bibi Aisha amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, ila alipokuwa katika jihadi.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za misikiti ziyaondoe mabakora madrasani, na walimu wawafundishe watoto ile hadithi ya aliyekasirika akiwa amesimama kwamba akae, na ikiwa haijamtoka, alale. Isihifadhiwe tu. Wazoezwe kuitenda wanapogombana uwanjani.

Na akiwapo bibi ambaye jina lake limekwisha kutajwa, asiachwe alale peke yake. Waumini wa msikiti ulio karibu wazungumze na wanawe, habari zifikishwe kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi bila kungoja ushahidi zaidi, na vijana wa madrasa wamchotee maji mchana kweupe, ili anayemwinda ajue kuwa nyumba ile ina watu.