Mkeka wa saa nane usiku

Leo mawifi tuwape likizo, naongelea tenisi. Ndiyo tenisi, msicheke!

Juzi nimeshtuka saa nane usiku, kitandani niko peke yangu. Baba Neema yuko sebuleni, simu mkononi, jasho linamtoka. Moyo ukanilipuka: tayari, nimeibiwa mume! Kumbe anafuatilia mechi ya vijana wawili ambao hata majina hawezi kuyatamka. Mkeka wake ulibakiza mechi hiyo tu. Kijana wake akakosea kuanzisha mpira, akakosea tena na tena, mkeka ukachanika. Na pesa yenyewe ilikuwa ada ya mtoto.

Nikamuuliza, una uhakika yule hakuuza mechi?

"Acha hizo mke wangu, tenisi ni mchezo wa wastaarabu."

Wastaarabu! Mwenzenu nikaanza kuchimba. Mashindano madogo kabisa ya kulipwa yana zawadi ya dola 15,000, tena za kugawana wote. Hapo hujatoa nauli na hoteli. Tume huru iliyotoa ripoti Desemba 2018 iliona kwamba katika wachezaji karibu 15,000, wanaorudisha gharama zao ni 250 hadi 350 tu. Sasa atokee mtu amwambie kijana mwenye njaa, poteza seti moja, mechi ukitaka shinda. Nani atajua? Mwaka 2023 mahakama ya Ubelgiji ilimfunga Grigor Sargsyan miaka 5, na mtandao wake ulihusisha wachezaji zaidi ya 180. Mwaka huohuo Younes Rachidi wa Morocco akafungiwa maisha kwa makosa 135. Mia moja thelathini na tano, jamani!

Wanaowasaka wanaitwa ITIA, wapo tangu 2021. Kwao mchezaji akifuatwa akakaa kimya, tayari ana kosa, hata kama pesa hakuichukua. Na mke anayepewa kitambulisho cha kuingia uwanjani, naye marufuku kubeti tenisi. Hapo nikamgeukia Baba Neema: unaona, wenzetu ndoa nzima inabanwa!

Akanyamaza. Jumamosi tulikaa na daftari la matumizi. Ada tumekopa kwa dada yangu, na aibu yake nimeibeba mimi. Tenisi ameapa hagusi tena.

Ya mpira wa miguu bado tunajadiliana.