BIONICLE IKIRUDI KWA AJILI YA WENYE HELA TU, BORA IBAKI KABURINI

Wadau, leo naongea na mashabiki wa Bionicle, na najua nusu yao watakasirika. Povu ruksa, ila soma mpaka mwisho kwanza.

Kila baada ya muda kidogo zinaibuka tetesi kwamba LEGO wanairudisha Bionicle. Mtu anaposti picha ya kinyago chekundu, haina chanzo, haina kichwa wala miguu, na ndani ya saa moja watu wazima na ndevu zao wanalia machozi. Sawa, lia, hilo sina shida nalo. Shida yangu inaanza pale unapouliza kaswali kadogo tu: ikirudi, inarudi kwa ajili ya NANI?

Hapo ndo utajua hujui. Utajibiwa iwe ya watu wazima. Iwe kubwa, ya kuweka kabatini. Ije na boksi la maana, bei sio tatizo. Na watoto wasije wakaiharibu.

Watoto wasiiharibu! Mdoli!

Mimi nasema hivi: Bionicle ambayo mtoto mwenye hela ya mawazo hawezi kuinunua SIO Bionicle. Ni sanamu yake. Na mkiendelea kuiombea irudi kwa namna hiyo, mnaomba jeneza zuri, hamuombi ifufuke.

KWA WASIOIJUA

Bionicle ni midoli ya kuunganisha iliyotolewa na LEGO, ile kampuni ya Denmark, mwaka 2001. Hayakuwa yale matofali ya kujengea nyumba. Walikuwa ni wahusika wenye viungo vinavyozunguka, gia mgongoni, na kinyago usoni ambacho unakichomoa na kuvisha kingine. Walianza mashujaa sita wanaoitwa Toa: Tahu wa moto, Gali wa maji, Lewa wa hewa, Onua wa udongo, Pohatu wa mawe na Kopaka wa barafu.

Kila Toa alikuja kwenye kopo lake. Na kwenye hadithi, makopo hayo hayo ndo yalielea baharini mpaka ufukweni kwenye kisiwa cha Mata Nui. Yaani lile kopo uliloshika mkononi lilikuwa ndani ya stori. Nani alikuwa anafanya hivyo kipindi kile?

Alafu stori yenyewe haikuwa ya kitoto. Mmoja wa waliobuni ulimwengu huo, Christian Faber, amewahi kueleza kwamba alikuwa anaishi na uvimbe kichwani, anatumia dawa, akawa anazifikiria dawa zile kama askari wadogo wanaotumwa kwenda kupigana ndani ya mwili. Ndo maana ukifika mbali kwenye hadithi unakuja kugundua kisiwa chote kimekaa juu ya uso wa jitu kubwa la chuma lililolala, na wale wadogo wanahangaika ndani yake ili liamke. Mtoto wa miaka tisa anapewa kitu kizito kama hicho na anakielewa. Tena anakielewa kuliko wewe.

Na kibiashara haikuwa mchezo. Mwaka 2003 na 2004 LEGO ilikuwa kwenye hasara mbaya mpaka watu wakawa wanajiuliza kama itapona. Bionicle ni mojawapo ya bidhaa zilizoibeba kampuni kipindi hicho. Ikaenda mpaka 2010, ikasimamishwa.

ILIPENDWA KWA SABABU ILIFIKIKA

Hiki ndo kitu mashabiki wengi wamekisahau, au wanajifanya wamekisahau.

Kule Marekani Toa mmoja alikuwa anauzwa chini ya dola 10. Vinyago vilikuwa vinauzwa kwenye vipakiti vidogo, hujui ndani umepata kipi, kwa hiyo watoto wanabadilishana. Mwaka huo huo wa 2001, wale wanakijiji wadogo wa Mata Nui walitolewa kwenye Happy Meal za McDonald's kule Marekani. Katuni za hadithi zilitumwa bure kwa watoto waliojiunga na klabu ya LEGO. Kulikuwa na gemu la bure kwenye intaneti, unabonyeza bonyeza tu unatembea kisiwani, unaongea na wanakijiji, unaijua stori bila kununua hata kitu kimoja.

Ona hiyo mipango. Mwenye hela nyingi anaingia, mwenye hela ndogo anaingia, asiye na hela kabisa naye anaingia. Mlango ulikuwa mpana. Ndo maana leo kuna watu dunia nzima wanalia ikitajwa. Hawalii kwa sababu ya ubora wa plastiki, jamani.

Mimi mwenyewe nilizijua kwa mitumba. Fungu la midoli limemwagwa chini kwenye turubai, humo ndani kuna miguu miwili ya kijani, mkono mmoja wa bluu na kinyago kimepasuka pembeni. Hakuna kopo, hakuna karatasi ya maelekezo. Ukiunganisha unapata kiumbe ambacho LEGO wenyewe hawakijui. Na kilikuwa shujaa wangu. Jina lake nilikuja kulijua baadaye sana, kwenye kompyuta ya kulipia kwa nusu saa, nikasoma hadithi yote ambayo mashabiki waliiandika na kuipanga bure ili mtu yeyote asome.

Sasa leo anakuja mtu kuniambia huo mdoli wangu "haukuwa kamili." Kamili ndo nini?

MARA MBILI ILIRUDI, MARA MBILI TUKAONA

Wanaosema "haijawahi kurudi" wanadanganya. Ilirudi Januari 2015. Tahu na wenzake wakaja upya, viungo imara kuliko zamani, vinyago vya kurushwa vikachomoka usoni katikati ya mapigano. Kama mdoli wa kuchezea, ilikuwa safi. Mwaka uliofuata wakaweka katuni Netflix, vipindi vinne basi. Mwaka 2016 haujaisha, wakatangaza wanafunga.

Kwa nini ilikufa? Kampuni ina lawama zake: stori ilikuwa nyembamba. Ile ya zamani ilikuwa na vitabu, katuni, filamu, gemu. Hii mpya ilikuwa kama mtu anakusimulia huku anakimbilia daladala. Hilo siwatetei.

Lakini mashabiki wakubwa nao walifanya nini? Badala ya kudai stori nzito kwa watoto wapya, wengi walikaa wanahesabu rangi. "Huyu sio Tahu wangu." "Hii ya kitoto." Kaka, una miaka 24, umeingia kwenye duka la midoli, alafu unashangaa kukuta kitu cha kitoto?

Mara ya pili ndo ilinichosha kabisa. Mwaka 2021 LEGO walipiga kura ya mashabiki kuchagua seti ya kuadhimisha miaka 90 ya kampuni. Bionicle ikaongoza raundi ya kwanza. Watu wakashangilia. Mwaka 2022 maadhimisho yakafika, zikatoka ngome ya wapiganaji na chombo cha anga. Bionicle haikupata seti yake. Mwanzoni mwa 2023 ndo wakatoa kaseti kadogo ka Tahu na Takua, kametengenezwa kwa matofali ya kawaida. Alafu hakakuuzwa! Kalikuwa zawadi. Ulikuwa unakapata ukinunua vitu vingine vya LEGO, na kwa Marekani ilikuwa vifike dola 100.

Dola mia. Kuna watu hapa mjini huo ni mshahara wa mwezi mzima. Na hata huko Marekani, niambie ni mtoto gani ana dola mia mfukoni ya kununua vitu vingine ili apewe Tahu kama nyongeza, kama vile unavyoongezewa nyanya sokoni. Kitu kilichokuwa kinaingia kwenye Happy Meal kimegeuzwa chambo cha watu wazima.

Na mashabiki wakasema nini? "Asante LEGO, mmetukumbuka." Hawajakukumbuka wewe, wamekumbuka pochi yako.

KUNA JAMAA MMOJA, SIMTAJI

Akisoma hapa atajijua. Ana makopo ya 2001 ambayo hayajafunguliwa mpaka leo, amepanga ukutani, taa zinawaka chini yake kama duka la dhahabu. Kila siku anaposti. Dogo mmoja akamuuliza kwa heshima kabisa, "Kaka, mimi naanza, nianzie wapi?" Jamaa akamjibu kwa maswali: taja Toa wote wa kizazi cha pili, taja vinyago vyao, taja nguvu zake. Dogo akashindwa, akachekwa, akaondoka.

Huyo jamaa anaamini analinda Bionicle. Mimi nasema yeye ndo kaburi lenyewe. Mdoli ambao haujawahi kuguswa na mtoto haujatimiza kazi yake hata siku moja. Plastiki haikusubiri pia: waulize wenye seti za 2007 na 2008 kuhusu vile viungo vya kijani cha ndimu, unavigusa tu vinapasuka. Unaotunza kabatini unazeeka, na wewe unazeeka, na hakuna anayekuja nyuma yenu.

Mwingine, naye simtaji, kazi yake ni kununua mafungu yote anayoyaona, anavunja vunja, anauza kinyago kimoja kimoja kwa bei ya kuua. Alafu ndo wa kwanza kuandika "tunataka Bionicle irudi." Wewe ukirudishiwa utanunua kumi uzifiche, usituchezee akili.

"IRUDI KAMA ILIVYOKUWA": IPI SASA?

Wengine wanasema hawataki kitu kipya, wanataka ASILI, isiguswe hata herufi. Tuelewane kidogo kwenye historia.

Mwaka huo huo wa 2001 Wamaori wa New Zealand walilalamika kwamba LEGO imechukua maneno ya lugha yao bila ridhaa. Mfano ni "Tohunga," neno ambalo kwao ni la watu wenye elimu na heshima maalum, likapewa vimidoli vidogo. Yakafanyika mazungumzo, na baadaye wale Tohunga wakaitwa Matoran. Baadhi ya wahusika nao wakabadilishiwa majina.

Kwa hiyo hilo neno "Matoran" ambalo unalitetea kama dini, lenyewe ni MABADILIKO. Kuna watu walisema mmetukosea, kitu kikarekebishwa, na hadithi ikaendelea miaka mingi ikiwa bora. Bionicle ilishaguswa zamani sana na haikufa. Kinachoiua ni kufungiwa kabatini.

NAJUA MTASEMA NINI

Mtasema: bila sisi watu wazima ingesahaulika. Kweli kabisa, na hapo nawavulia kofia. Nyie ndo mliandika kumbukumbu zote, mkachora, mkabuni viumbe vipya kwa vipande vya zamani. Kuna kundi lilitumia miaka kutengeneza gemu la bure, Masks of Power, mpaka mwaka 2025 LEGO ikawaomba wasimamishe, wakasimamisha. Iliniuma.

Lakini jifunze kitu hapo. Mnailinda chapa ya watu kwa nguvu zote, mnawafukuza wageni kwa niaba yake, na mwenye chapa siku akiamua anafunga mlango bila kuwauliza. Kumbe mlichokuwa nacho cha kwenu kweli ni kimoja tu: ile tabia ya kushirikishana. Nayo mnaiua wenyewe.

Mtasema pia kwamba watu wazima ndo wana hela, biashara ni biashara. Sawa. Ila mtu mzima mwenye hela leo ni yule mtoto wa 2001 aliyenunuliwa Toa mmoja wa bei ndogo. Usipopanda leo, 2045 nani atalia akiona kinyago chekundu?

NINACHOTAKA MIMI

Ikirudi, iwe na Toa mmoja mmoja wa bei ndogo. Boksi la laki saba liwepo kama mnataka, ila lisiwe peke yake. Stori iwe bure kwenye simu, nzito kama ya zamani. Vipande viingiliane na vya zamani ili hata mwenye mguu mmoja wa mtumba aanzie hapo alipo.

Na isiporudi, bado kuna kitu unaweza kufanya wiki hii. Una Toa wawili wanaofanana? Mpe dogo mmoja. Una makopo hayajafunguliwa? Fungua moja, mkae chini na mpwa wako muunganishe. Atapoteza kinyago. Atavunja kiungo. Atamvisha Kopaka mguu wa Lewa na atamwita jina lisilokuwepo popote.

Muache. Hiyo ndo Bionicle imerudi.

Haya, uwanja ni wenu. Ungepewa kuchagua moja: irudi kubwa ya kabatini, au irudi ndogo ya mtoto? Jibu hapo chini, na ukija na maswali ya "taja Toa wa kizazi cha pili" sikujibu.