Mmea Peke Yake Haufukuzi Wadudu

Ushauri umeenea kila kona: panda huu, mbu watakimbia, panda ule, bustani itapona. Mimea yenye nguvu dhidi ya wadudu ipo kweli. Lakini nguvu hiyo ina masharti, na anayeyapuuza hupoteza mazao, hata afya. Nayajibu madai manne yanayosikika mara kwa mara.

"Ukiwa na kivumbasi dirishani, chandarua cha nini?"
Harufu ya kivumbasi hutoka katika mafuta yaliyomo majanini, na jani lisiloguswa huachia mafuta kidogo tu. Magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu vyungu vya kivumbasi kibichi: mbu walipungua, ila walio wengi waliendelea kutafuta damu. Mbu mmoja mwenye vimelea vya malaria anatosha. Panda kivumbasi, yafikiche majani yake jioni, lakini mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa.

"Mwarobaini ukiwa uani, wadudu hawasogei."
Kivuli cha mwarobaini hakizuii kiwavi kula sukuma wiki. Azadiraktini, kemikali inayofanya kazi, imejaa zaidi kwenye mbegu, na lazima itolewe. Menya mbegu zilizokaushwa kivulini, zitwange, loweka takriban gramu 500 za kiini katika lita 10 za maji usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa. Nyunyiza jioni, maana jua huiharibu dawa haraka. Usitarajie kiwavi aanguke papo hapo. Kwanza huacha kula, kisha hushindwa kujivua ngozi, na hufa baada ya siku kadhaa. Wengi hukata tamaa kesho yake, kumbe dawa ingali kazini.

"Cha asili hakina madhara."
Utupa unajibu dai hili. Unga wa majani yake makavu huyakinga maharage ghalani yasibunguliwe, lakini majani hayohayo yakipondwa na kutiwa mtoni huua samaki. Pareto nayo, zao la Mufindi na Nakuru, hudhuru nyuki na samaki pia. Funika pua na mdomo unapotwanga, usinyunyize nyuki wakiwa kwenye maua, wala usioshee bomba mtoni.

"Haya ni mambo ya wazee, hayana sayansi."
Mbita, kando ya Ziwa Victoria, inakanusha. Tangu miaka ya 1990, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, pamoja na wanasayansi wa Rothamsted wa Uingereza, kimeendeleza kilimo cha kusukuma na kuvuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humsukuma nondo wa bungua. Mabingobingo pembezoni humvuta akatage huko, na viwavi wengi hufia humo kwa kunaswa na utomvu. Mizizi ya desmodiamu pia huiamsha mbegu ya kiduha, kisha huzuia gugu hilo lisijishikize kwenye mizizi ya mahindi. Hapo mpangilio wa shamba zima ndio unaofanya kazi. Shina moja la desmodiamu lililochomekwa pembeni halitaokoa kitu.

Kwa hiyo anayekushauri kupanda mche, mtake akutajie mdudu ambaye mche huo humzuia, sehemu inayotumika na namna ya kuiandaa. Maofisa ugani na wauza miche wanawiwa majibu hayo na mkulima, kwa sababu hasara ya ushauri nusunusu huibeba yeye.