Mshika Funguo Naye Atajibu

Wako watu wasemao kwamba mwanamke akitenda ukatili ameponzwa na mwanamume, kwa hiyo asihukumiwe sawa na mwanamume. Sisi hatukubali. Hapa Morogoro, katika milima ya Uluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na mwanamke hushika shamba la ukoo kwa haki yake. Hakuna Mluguru anayehitaji kufundishwa kwamba mwanamke ni mtu kamili. Na mtu kamili hujibu kwa matendo yake.

Jambo hili lilipimwa huko Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika kambi za mateso za Wanazi wanawake zaidi ya 3,000 walikuwa walinzi, na wengi wao walifunzwa kazi hiyo Ravensbrück, kambi ya wafungwa wanawake iliyofunguliwa mwaka 1939 kaskazini ya Berlin. Wengi walitoka viwandani, mashambani na majumbani, wakaajiriwa kwa mshahara na kuvikwa sare. Mwaka 1945 mahakama ya kijeshi ya Waingereza ilikaa Lüneburg kuwahukumu. Irma Grese, mwenye umri wa miaka 22, alinyongwa tarehe 13 Desemba mwaka huo pamoja na walinzi wengine wawili wanawake.

Hata hivyo walio wengi walirudi makwao bila ya kuulizwa neno. Hermine Braunsteiner, mlinzi wa Majdanek, alikuwa mke wa nyumbani New York hata aliporudishwa Ujerumani mwaka 1973. Mwaka 1981 akahukumiwa kifungo cha maisha. Tena tarehe 20 Desemba 2022 mahakama ya Itzehoe ilimtia hatiani Irmgard Furchner, bibi wa miaka 97, kwa kusaidia mauaji ya watu zaidi ya 10,000. Huyu hakuwa mlinzi. Alikuwa karani wa mkuu wa kambi ya Stutthof, kazi yake kupiga taipu. Alipewa kifungo cha nje cha miaka miwili. Adhabu ilikuwa ndogo, lakini fundisho lake kwa kila mfanyakazi wa ofisini ni kubwa.

Nasi hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Tarehe 24 Juni 2011, Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ilimhukumu Pauline Nyiramasuhuko kifungo cha maisha. Rufani ya mwaka 2015 ikakipunguza kuwa miaka 47. Mwaka 1994 alikuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake. Watutsi waliokimbilia ofisi ya mkoa wa Butare waliuawa, na wanawake wao wakanajisiwa, naye akiwa mwenye amri. Ni mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Lakini liko swali linalotukera. Mjerumani alishindwa vita, akahukumiwa. Serikali ya Nyiramasuhuko ilishindwa, ikahukumiwa. Je, asiyeshindwa? Huko Kamiti, karibu na Nairobi, Serikali ya kikoloni iliwafunga wanawake wakati wa Mau Mau. Mwaka 1956 Eileen Fletcher, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa Serikali hiyo, alifichua kwamba humo walikuwamo watoto wa kike wa miaka 11 na 12 waliopewa kifungo cha maisha. Mwaka mmoja kabla, Januari 1955, Gavana Baring alikuwa ametangaza msamaha uliowafunika hata askari wake. Mwaka 2013 Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 na gharama zao. Katika mapatano hayo hakuna aliyesimama kizimbani.

Hatutafuti kisasi, wengi wa wahusika wamekwisha kufa. Tunadai kipimo kimoja tu kwa mshindi na mshindwa, na watoto wetu wafundishwe jina la Kamiti kama wafundishwavyo la Auschwitz.

Nanyi wafanyakazi, wake kwa waume, mnaopiga taipu, mnaoandika orodha na mnaoshika funguo za milango: siku mtakapoamriwa kumtesa binadamu, kataeni. Mtoa amri ataulizwa kwa amri yake, nanyi mtaulizwa kwa kazi ya mikono yenu.