Sports car ya Garsen: lipia self, lipia spoku, achana na 150

Juzi Subaru WRX STI ya buluu ilisimama Minjila kutia mafuta ikielekea Lamu. Ndani ya dakika tano walishafika vijana kumi na wawili, nami nikiwamo, na kila mmoja alikuwa mtaalamu. Huyu anaeleza kwa nini STI si WRX ya kawaida, yule anasema hata Impreza ya chini kabisa inatosha ukiwa na fundi mzuri. Hakuna hata mmoja wetu mwenye gari. Nawaambia ukweli wadau, vijana wa Garsen tunazijua Subaru kuliko wenye Subaru.

Lakini ule ubishi ulikuwa na maana. Gari moja linauzwa kwa madaraja: la chini, la kati, la juu. Body karibu ile ile, jina lile lile, bei mbali kabisa. Na serikali nayo inakungoja, maana gari likizidi cc 1500 ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 20 hadi 25, na hapo hujalipa ushuru wa forodha wala VAT. Kwa hiyo swali la daraja gani linakupa thamani ya pesa yako ni swali la watu wazima. Tatizo ni kwamba tunaliuliza kwa magari tusiyokuwa nayo. Tukienda kununua ile sports car yetu sisi, nduthi, hatuulizi chochote. Tunanyoosha kidole kwenye ile nyekundu kubwa yenye stika.

Naandika hili kwa sababu jambo lenyewe liko nyumbani kwetu wiki hii. Mama ameuza ng'ombe watatu hapa soko la mifugo akapata elfu 150. Mimi nimeongeza elfu 20. Mdogo wangu amemaliza fomu four, anataka kuingia steji. Jumla 170,000, na hakuna ng'ombe wa nne wa kuuza.

Dukani Malindi nilipewa bei mbili. Ya cc 125, yenye self na kick, rimu za spoku: 154,000. Ya cc 150, daraja la juu, rimu za aloi, diski mbele, taa kali, sehemu ya kuchaji simu: 178,000. Muuzaji alipoona tumepungukiwa elfu nane akatabasamu vizuri sana. "Msijisumbue. Wekeni elfu sitini tu, mchukue ya 150, zilizobaki mtalipa kidogo kidogo kila siku." Mdogo wangu akanigeukia na macho yanang'aa. "Kaka, si umeskia?"

Nimeskia. Nilishawahi kuskia tena.

Binamu yangu alichukua ya 150 kwa mkopo mwishoni mwa 2022. Kampuni sitaitaja. Bei ya taslimu wakati ule ilikuwa 158,000. Aliweka dipoziti elfu 25, halafu 430 kila siku kwa miezi 18. Piga hesabu na mimi: 430 mara siku 540 ni 232,200. Ongeza dipoziti, 257,200. Ya 125 pale pale ilikuwa 136,000 taslimu, na kwa mkopo dipoziti ile ile na 360 kwa siku. Yaani tofauti ya madaraja ilikuwa elfu 22 ukilipa taslimu, lakini ukikopa ile tofauti ya shilingi 70 kwa siku inakuwa 37,800. Kila kitu unachoongeza juu ya pikipiki ya mkopo unakinunua karibu mara mbili. Na hii hakuna muuzaji atakayekuandikia kwenye karatasi.

Alilipa vizuri miezi 11. Halafu zikaja mvua za El Niño, Novemba 2023. Mnaokaa huku hamhitaji kusimuliwa. Maji yalifunika barabara ya Gamba kuelekea Witu, mashamba yakazama, watu wakahamia kambini, na steji ikawa watu wamekaa wanaangalia maji. Abiria wa kwenda wapi? Lakini tarehe za kulipa hazikuzama. Siku zikapita, simu zikapigwa, na kwa kuwa ile pikipiki ilikuwa na trekka na logibuku haikuwa yake, ilichukuliwa mbele ya nyumba yake asubuhi na mapema. Alikuwa ameshatoa 166,900. Zaidi ya bei ya taslimu. Akabaki na helmeti.

Najua mtu atasema hata angekuwa na 125 angenyang'anywa. Labda. Lakini fanya hesabu kwanza. Shilingi 70 mara siku 330 ni 23,100. Kwa malipo ya 360, hizo ni siku 64 za kulipa bila kubeba abiria hata mmoja. Miezi miwili ya mafuriko imelipiwa. Angeziweka, bila shaka, na hilo ni suala lingine, mimi mwenyewe si mwekaji. Lakini angekuwa na chaguo.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana nisije nikaonekana napinga kila kitu kizuri.

Nguvu kwanza. Watu wanasema cc 150 ndiyo mashine ya kazi, na ukiwa Taita au Kisii nitakubali, kule unapanda mlima na gunia mbili nyuma. Lakini jamani, mlima wa Garsen uko wapi? Hili ni delta. Kutoka hapa hadi Minjila, hadi Ngao, hadi Oda, hadi Gamba, kilima kikubwa utakachopanda ni tuta la barabarani. Kinachotusumbua sisi ni matope ya udongo mweusi na mchanga, na kwenye matope nguvu nyingi inazungusha tairi tu. Pale unataka tairi lenye meno, pikipiki usiyoogopa kuiinua ikianguka, na miguu mirefu. Anayepeleka mzigo Malindi kila siku, zaidi ya kilomita mia moja ya lami kwa kwenda tu, huyo sawa, achukue 150, injini yake haitaumia. Ila vijana wetu wangapi wanafanya hivyo? Kazi ya steji ni safari fupi fupi, kusimama na kuondoka, na injini kubwa inakunywa hata ukiwa umebeba mtoto wa shule. Mafuta yanatangazwa upya kila tarehe 14 ya mwezi, na mimi sijawahi kumuona abiria anayelipa zaidi kwa sababu pikipiki ni 150. Hata siku moja.

Ile ya 100 je? Nimeiendesha. Kwa mtu mmoja wa kwenda shambani ni nzuri na ndiyo nafuu kuliko zote, ila ukiweka mama na magunia ya mpunga kutoka Hewani inalia, na injini inayolia kila siku haikai. Hapo unaokoa mbele unalipa nyuma. Ndiyo maana nasema ya katikati.

Self ndiyo watu wanaiita anasa, na hapa nabishana na wazee wa steji wote. "Sisi tulianza na kick." Ndiyo, nyinyi mlianza na kick. Mwaka jana nilimbeba mke wa jirani usiku kwenda hospitali ya Ngao, uchungu umeshamshika, mama mkwe wake nyuma yake. (Ndiyo, najua sheria inasema abiria mmoja. Niambieni ningemwacha yupi.) Tukazimika kwenye tope. Mguu wangu ukiondoka ardhini tunaanguka wote watatu. Nilikuwa na pikipiki ya kuazima, ya kick peke yake. Ikabidi yule mama ashuke, asimame gizani kwenye maji amemshikilia mkwewe, mimi nipige kick mara sijui ngapi. Tulifika, mtoto ni mzima, lakini tangu siku hiyo ukiniambia self ni ya mabishoo tutakosana. Sharti moja tu: kick isiondolewe. Betri kwenye joto letu haina adabu, ikifa lazima uwe na mguu.

Rimu, kinyume chake. Aloi zinapendeza, hazina kazi ya kukaza spoku kila baada ya muda, sikatai. Lakini aloi ikipasuka kwenye shimo, imepasuka, unanunua nyingine. Spoku ikikatika, fundi yeyote hapa chini ya mwarobaini anakuwekea moja, ananyoosha rimu, unaondoka. Na hilo ndilo nataka vijana wauliize kabla ya rangi: spea iko Garsen au mpaka iagizwe Malindi ije na basi? Siku mbili za kungoja spea ni siku mbili za sufuria tupu. Pita kwa mafundi watatu, angalia ni aina gani imejaa pale. Iliyojaa ndiyo spea zake zipo, na ndiyo utaiuza haraka ukishikwa na shida.

Diski ya mbele naipenda, hasa kwenye lami, na ukiipata kwenye 125 kwa elfu chache ongeza. Ya kuchaji simu inafungwa na fundi baadaye kwa pesa ndogo. Stika sitaki hata kuongea.

Kwa hiyo kwa hesabu yangu: 154,000 taslimu, tunabaki na 16,000. Hapo kuna helmeti mbili za kweli, si zile bakuli za plastiki, koti la kuakisi, bima, na leseni ya mdogo wangu ambayo bado hana. Kikibaki chochote kinakaa kwa mama kusubiri mvua. Halafu logibuku inatoka kwa jina letu siku ya kwanza.

Nilimwambia haya yote juzi usiku. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kaka, lakini steji nzima wana 150. Mimi nitakaa vipi pale?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu nami nilikuwa na miaka kumi na tisa juzi tu. Mama alikuwa anachambua mchele pembeni. Akauliza, "Hao wenye 150, wangapi ni zao?" Mdogo wangu akaanza kuhesabu kwa vidole. Akafika wawili, akanyamaza.

Jumamosi tunaenda Malindi. Nimemwomba jamaa mmoja wa hapa mwenye 125 atuazime kabla ya hapo, tupakie gunia moja la mchele na mimi juu yake, mdogo wangu aendeshe mpaka Ngao na kurudi kwa ile njia ya matope. Ikishindwa, nitaposti hapa hapa kwamba nilikosea.