Tegu wa nguruwe huwafikia hata wasiomla

Katika kijiji cha wavuvi cha Qantab, mjini Muscat, kitoweo ni samaki na nguruwe hafugwi. Msomaji aliyeko huko, sawa na mwenzake wa Pemba au Lamu, akisikia habari za tegu wa nguruwe huenda akaona hazimhusu. Utafiti unaonyesha vinginevyo.

Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vya mabuu, hupata tegu tumboni, na mara nyingi hahisi lolote. Balaa kubwa huanzia kwenye mayai ya tegu huyo, ambayo hutoka na kinyesi yakaingia katika maji, mboga au chakula kilichoshikwa kwa mikono michafu. Anayeyameza, awe mla nguruwe au la, anaweza kupata mabuu ubongoni na hatimaye kifafa.

Mwaka 1992 watafiti mjini New York waliripoti wagonjwa 4 wa aina hiyo katika jamii ya Mayahudi washika dini, wasiogusa nguruwe. Shuku iliwaangukia watumishi wa nyumbani waliotoka Amerika ya Kati na Kusini.

Kwa nchi za Ghuba, ambako maelfu ya wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki hupika na kulea, funzo li wazi. Lakini lisigeuzwe rungu la kuwafukuza kazi. Mwenye tegu ni mgonjwa, na dozi moja ya dawa chini ya uangalizi wa daktari aghalabu humponya. Anayehofia kufukuzwa ataficha maradhi yake, na nyumba nzima itabaki hatarini.

Chimbuko la tatizo liko vijijini, kama vile Mbulu na Mbeya nchini Tanzania, ambako nguruwe huzurura na vyoo ni haba. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kimelea hiki huchangia asilimia 30 ya kifafa katika maeneo yaliyoathirika. Mwaka 2014 WHO na FAO walikiweka nafasi ya kwanza kati ya vimelea 24 vya chakula.

Chanjo ya nguruwe ipo, na imejaribiwa kusini magharibi mwa Tanzania. Kinachokosekana ni vyoo, ukaguzi wa nyama, na ujasiri wa kumpeleka mwenye kifafa hospitali badala ya kumsingizia mashetani.