Kipimo Kilithibitishwa kwa Damu ya Nani?

Wapo wasomi miongoni mwetu wenye kasumba ya kuamini kwamba chombo kilichothibitishwa Ulaya kimekwisha kuthibitishwa kwa wanadamu wote. Katika tiba ya saratani kasumba hiyo yaweza kuua.

Tuchukue mfano wa fluorourasili, dawa iliyotangazwa Marekani mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake, ambayo hadi leo hutibu saratani ya utumbo mpana na nyinginezo. Zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo huvunjwa mwilini na kimeng'enya kiitwacho DPD. Aliyerithi jeni yenye hitilafu hukosa nguvu hiyo. Dawa humlimbikizia sumu, kinywa na utumbo hufanya vidonda, chembe nyeupe za damu hupungua mno, na aweza kuuawa na dawa kabla ya saratani.

Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri wagonjwa wapimwe kabla ya kupewa dawa hiyo. Ushauri huo ni wa busara. Lakini kipimo cha jeni kilichozoeleka huko hutafuta mabadiliko manne tu, yaliyojulikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko liitwalo Y186C, ambalo nalo hudhoofisha kimeng'enya hicho, hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, na halimo katika manne hayo. Basi Mwafrika mwenye hitilafu hiyo aweza kupimwa, akaandikiwa kuwa salama, kisha akapewa dozi kamili! Je, hiyo ni sayansi, au ni upofu uliopigwa mhuri?

Wengine watasema tuachane na vipimo vya vinasaba, kwa kuwa ni anasa ya matajiri. Hao nao wamepotoka. Elimu hiyo haina kosa. Kosa ni la orodha iliyotungwa bila sisi kuhesabiwa.

Hapana budi, basi, mtumishi anayeandaa zabuni ya kipimo aulize kwanza kilithibitishwa kwa damu ya nani. Hospitali zetu ziandike habari za kila mgonjwa aliyedhurika na dawa, ili vyuo vikuu vyetu vipate cha kuchunguza. Walimu wa baiolojia nao wawaandae vijana watakaoifanya kazi hiyo. Tukingoja wengine watuhesabu, wagonjwa wetu ndio watakaolipa gharama ya kungoja.